Gari la ubingwa wa Grand Prix: je, ni injini peke yake?

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Ninajifunza ufundi wa magari katika gareji ya baba mdogo wangu hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, na ninaandika kwa sababu kuna ubishi ambao umetukalia tangu mwezi uliopita, na sisi wawili hatuwezi kuumaliza bila msaada wa watu wanaoyajua magari ya mbio kwa undani.

Ubishi ulianza hivi. Mteja mmoja alituletea basi lake dogo la abiria, akataka tuitoe injini yake iliyochoka na kuliwekea nyingine kubwa zaidi aliyoinunua mwenyewe. Tulikata vishikio vya zamani, tukachomelea vipya, tukarefusha mabomba ya maji kwa vipande vya mpira, na siku ya tatu gari likanguruma kama simba. Ndani ya mji lilikwenda vizuri, mteja akafurahi, akalipa. Baada ya siku chache akatupigia simu akiwa kwenye barabara ya Likasi. Tulimkuta ameegesha chini ya mti, boneti iko wazi, radieta inatoa mvuke kama sufuria ya bukari, klachi inanuka kuungua, na abiria wamekaa juu ya magunia yao wakinitazama nikishuka na dumu la maji.

Wakati wa kurudi nilimwambia baba mdogo kwamba tumeweka moyo wa ng'ombe ndani ya mbuzi. Yeye alinijibu kwamba kosa ni la radieta, si la injini, na kwamba katika mashindano yote ya dunia injini ndiyo inayoleta kombe. Alinitajia Alfa Romeo 158, ambayo mwaka 1950, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia, ilishinda mbio zote sita ilizoshiriki na kumpa Nino Farina taji, kwa sababu injini yake ya lita 1.5 tu, iliyosukumiwa hewa kwa kompresa, ilitoa nguvu ya farasi wapatao 350. Sikuwa na jibu. Hata hivyo moyo wangu haujakubali, kwa maana ninaona katika Formula 1, yaani mashindano hayohayo ya ubingwa wa dunia, siku hizi timu mbili zikitumia injini ya kampuni moja, na moja ikawa mbele huku nyingine ikiwa nyuma kabisa.

Ombi langu ni hili: wanaojua historia ya magari yaliyochukua ubingwa wa Grand Prix wanieleze ni nini hasa kililifanya kila moja lishinde. Naomba mifano yenye majina na miaka, kwa sababu baba mdogo hakubali maneno matupu.

Fundi_wa_Ruashi (Lubumbashi)

Mwanangu, msalimie sana baba mdogo wako. Mfano alioutoa ni wa kweli, na mtu anayeanza hoja yake na Alfa 158 si mtu wa kudharauliwa. Lakini angeendelea mwaka mmoja mbele. Kompresa ile ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi, kwa hiyo gari lilibeba mzigo mkubwa wa mafuta na kulazimika kusimama kujaza. Tarehe 14 Julai 1951, pale Silverstone nchini Uingereza, José Froilán González alilishinda kwa Ferrari yenye injini ya lita 4.5 isiyo na kompresa yoyote, injini ambayo kiu yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya Alfa. Dereva wa Alfa, Juan Manuel Fangio, aliliokoa taji la mwaka huo, kisha kampuni ikajiondoa. Nguvu ilikuwepo bado. Kilichokuwa kimefika mwisho ni hesabu ya mafuta.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote, na ambao ningependa umsomee baba mdogo polepole, ni ule wa mwaka 1966. Mwaka huo wakubwa wa mashindano walibadilisha kanuni, wakapandisha ukubwa wa injini kutoka lita 1.5 hadi lita 3. Kila mtu akaanza kutafuta nguvu. Ferrari walikuwa na injini ya silinda 12. BRM wa Uingereza walikwenda mbali zaidi: walichukua injini mbili za silinda nane zilizolala, wakazipandanisha moja juu ya nyingine na kuziunganisha kwa gia, wakapata injini ya silinda 16. Fikiria mwenyewe, mwanangu, vali ngapi, fimbo ngapi, na sehemu ngapi zinazoweza kuvuja au kuvunjika katika kitu kama hicho, na uzito wake unaokaa wote nyuma ya dereva. Injini ile ilishinda mbio moja tu katika maisha yake yote, pale Watkins Glen mwaka 1966, na hata siku hiyo ilikuwa ndani ya Lotus ya Jim Clark, si ndani ya gari la BRM wenyewe.

Sasa mtazame Jack Brabham. Alikuwa tayari bingwa wa 1959 na 1960 akiendesha Cooper, lile gari dogo lililoihamisha injini kutoka mbele ya dereva kwenda nyuma yake na kuwalazimisha wote wengine kufuata. Mwaka 1966 alikuwa na miaka 40, na magazeti yalimwita mzee. Kwa ajili ya lita 3 hakutafuta silinda 16 wala 12. Alikwenda kwa kampuni ya Repco kwao Australia, nao wakamtengenezea injini ya silinda nane kutokana na bloku ya alumini iliyokuwa imebuniwa na Oldsmobile kwa gari la kawaida la Kimarekani, gari la watu kwenda nalo sokoni. Kila upande wa silinda ulikuwa na kamshafti moja tu, yaani mhimili unaofungua vali. Nguvu yake ilikuwa ya farasi wapatao 300, pungufu ya ile waliyojivunia baadhi ya wapinzani. Na chesisi yenyewe, BT19, kazi ya Ron Tauranac, ilikuwa fremu ya mabomba iliyotengenezwa mwaka mmoja kabla kwa ajili ya injini nyingine ambayo haikufika kamwe.

Kwa gari hilo alishinda mbio nne mfululizo: Reims, Brands Hatch, Zandvoort na Nürburgring. Pale Zandvoort alilikaribia gari lake akiwa amevaa ndevu za bandia na kuegemea fimbo, ili wale waliomwita mzee waone vizuri. Alimaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia ndani ya gari lenye jina lake mwenyewe, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya.

Kwa nini alishinda? Mimi nimekaa chini ya magari zaidi ya miaka thelathini, na ninalisoma jibu kwa jicho la gareji. Injini nyepesi yenye kiu ndogo haihitaji mafuta mengi wakati wa kuanza. Gari lenye mafuta machache ni jepesi, kwa hiyo breki zake zinapoa, matairi yake yanadumu, na mkono wa dereva hauchoki mapema. Injini yenye sehemu chache hufunguliwa na kufungwa haraka, na fundi anaijua yote kichwani. Wenzake walikuwa bado wanatafuta silinda iliyokataa kuwaka wakati Brabham tayari anapokea shada la maua.

Mwaka uliofuata jambo lilijirudia kwa namna nyingine. Lotus 49 ilikuja na injini mpya ya Ford Cosworth, na Clark akaishinda nayo mbio ya kwanza kabisa, Zandvoort, mwezi Juni 1967. Mwaka huo Clark alishinda mbio nne, wakati Denny Hulme wa Brabham alishinda mbili tu, Monaco na Nürburgring. Bingwa alikuwa Hulme, na wa pili Jack Brabham mwenyewe, kwa sababu magari yao yalifika mwisho pale ambapo Lotus lilisimama njiani.

Msikilizaji_wa_Mbio (Goma)

Mzee Fundi, nimesoma maneno yako kwa heshima na sina neno juu ya Brabham. Hata hivyo naona umeipita haraka injini moja ambayo inampa baba mdogo haki yake. Hiyo Ford Cosworth uliyoitaja mwishoni, iliyoitwa DFV, haikuishia mwaka 1967. Ilikuwa injini ya silinda nane ya lita 3 iliyobuniwa na Keith Duckworth, na Ford waliigharimia kwa pauni 100,000. Baada ya mwaka wa kwanza iliuzwa kwa timu nyingine, na kati ya 1967 na 1983 ilishinda mbio 155 za ubingwa wa dunia, na madereva waliokuwa nayo walichukua mataji 12. Graham Hill, Jackie Stewart, Jochen Rindt, Emerson Fittipaldi, James Hunt, Mario Andretti na wengine, wote walibebwa na injini ileile. Kama hiyo si nguvu ya injini, basi sijui nguvu ya injini ni nini.

Tena tunaweza kurudi nyuma hadi Mercedes W196 ya 1954 na 1955. Walipuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda wakati wengine bado wanategemea kabureta, na vali zao zilifungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi, ili injini izunguke kwa kasi kubwa bila vali kuchelewa. Walishinda mbio 9 kati ya 12, na Fangio akawa bingwa miaka yote miwili.

Na karibu na siku zetu, mwaka 2014, zilipokuja injini za V6 zenye umeme na turbo (turbini inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inazungusha kompresa ya kusukuma hewa ndani), Mercedes walitenganisha kompresa na turbini: moja wakaiweka mbele ya injini, nyingine nyuma, na kati yake mhimili mrefu. Kwa njia hiyo hewa iliyokuwa inaingia haikupata joto la moshi uliokuwa unatoka. Walishinda mbio 16 kati ya 19 mwaka huo, na mwaka 2016 wakashinda 19 kati ya 21. Wakati huo nilikuwa ninafuatilia kila mbio kwenye redio ya simu, na sikumbuki Jumapili hata moja ambayo mtu aliuliza nani atashinda. Swali lilikuwa ni yupi kati ya madereva wao wawili, Hamilton na Rosberg.

Ninakubali kwamba Lotus 79 ilipoanzisha ule ujanja wa kunyonya hewa chini ya gari, umbo nalo lilichukua nafasi yake. Lakini msingi ni injini.

Mwalimu_wa_Ibanda (Bukavu)

Jambo kaka zangu, na wewe mdogo wangu wa Katuba. Ninafundisha fizikia hapa Bukavu, na marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori kati ya Uvira na Bukavu, kwa hiyo mjadala huu umenigusa mara mbili.

Kaka wa Goma, mifano yako ni mizuri, lakini ukiitazama tena utaona inasimama upande wa kijana. DFV iliuzwa kwa karibu kila mtu aliyekuwa na fedha. Ikiwa magari mengi uwanjani yana injini moja, basi injini haiwezi kueleza kwa nini Stewart yuko mbele na mwingine yuko nyuma. Halafu kumbuka jinsi Colin Chapman wa Lotus alivyoipokea. Hakuiweka ndani ya fremu kama mzigo. Aliifunga kwa bolti moja kwa moja nyuma ya mwili wa gari, na springi na mikono ya magurudumu ya nyuma ikashikiliwa na injini na giaboksi, yaani injini yenyewe ikawa mfupa wa gari. Chuma chote kilichokuwa kinahitajika kuizunguka kikaondoka.

Kuhusu mwaka 2014, McLaren walikuwa na injini ileile ya Mercedes, na hawakushinda hata mbio moja. Lakini ushahidi ulio mzito zaidi ni wa 1988, na nitaueleza kwa urefu kidogo kwa sababu ni kama jaribio la maabara.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa injini za turbo, kwa maana kanuni zilizitoa kabisa kuanzia 1989. Kwa mwaka huo mmoja zilibanwa: mgandamizo wa hewa usizidi bar 2.5, na mafuta yasizidi lita 150 kwa mbio nzima. Timu nyingi ziliona hasara kutengeneza kitu kipya kwa miezi michache, zikahamia mapema kwenye injini za lita 3.5 zisizo na turbo. Honda na McLaren walifanya kinyume. Honda walitengeneza injini iliyozoea njaa, yenye klachi ndogo na krankshafti (mhimili mkuu wa injini) iliyoshuka chini, ili uzito wote ukae karibu na ardhi. McLaren, chini ya Steve Nichols na Gordon Murray, wakalijenga gari jipya kabisa kulifuata umbo hilo la chini: dereva akalazwa karibu kama mtu aliye kitandani, giaboksi ikatengenezwa upya ili ilingane na kimo kipya cha injini, na bawa la nyuma likapata hewa safi isiyokatizwa na kitu. Gari hilo, MP4/4, lilishinda mbio 15 kati ya 16. Dereva wake Ayrton Senna alichukua nane, na mwenzake Alain Prost saba. Iliyobaki ilikuwa Monza, ambako Senna aligongana na gari alilokuwa analipita mizunguko miwili kabla ya mwisho, na Ferrari ya Gerhard Berger ikashinda, wiki chache tu baada ya kifo cha Enzo Ferrari.

Sasa sikilizeni sehemu ya jaribio. Timu ya Lotus mwaka huohuo ilikuwa na injini ileile ya Honda, na dereva wake alikuwa Nelson Piquet, bingwa wa dunia aliyekuwa anatetea taji lake. Haikushinda hata mbio moja. Mwisho wa mwaka McLaren walikuwa na pointi 199 na Lotus 23. Baba mdogo aiweke tofauti hiyo mezani na atuambie imetoka wapi.

Hata hivyo sitaki kuidharau injini, na hapa ninamkumbuka baba yangu. Uvira iko kando ya Tanganyika, karibu mita 780 juu ya bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Lori lake la zamani, lisilokuwa na turbo, lilipokuwa linapanda Ngomo lilikuwa linachoka hata kabla ya mteremko kuwa mkali. Alikuwa anashusha gia, anasikiliza, anashusha tena, na kusema kwamba lori linakosa pumzi. Alikuwa sahihi kabisa. Juu mlimani hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza takriban moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Turbo hupunguza sana hasara hiyo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi na kuisukuma hewa ndani.

Ndiyo maana ninapenda kuutazama uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, ambao kimo chake ni karibu sawa na cha mji wetu. Renault walileta turbo katika Formula 1 mwaka 1977, na gari lao la kwanza lilikuwa linakufa kwa moshi mara nyingi kiasi cha kuitwa birika la chai. Lakini Kyalami, mwaka 1979, Jean-Pierre Jabouille alianza mbele ya wote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa turbo kufanya hivyo. Mwaka 1980 René Arnoux alishinda hapohapo, na 1982 Alain Prost, wote kwa Renault. Wale wenye injini za kawaida walikuwa wanapumua kwa shida kama lori la baba.

Na je, Renault ndio waliochukua taji la kwanza la dereva kwa turbo? Hapana. Mwishoni mwa 1982 kanuni ziliamuru kwamba kuanzia mwaka unaofuata sakafu ya gari kati ya magurudumu iwe bapa. Gordon Murray, wakati huo akiwa Brabham, alikuwa ameshabuni gari la 1983. Akaliweka kando na kuanza upya ndani ya miezi michache. Alijiuliza: ikiwa sakafu haitanyonya tena, mbavu ndefu za pembeni zina kazi gani? Akazikata. Gari lake, BT52, likawa na umbo la mshale, radieta zikiwa nyuma na uzito mwingi ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Na kwa kuwa alipanga kujaza mafuta katikati ya mbio, tangi likawa dogo. Injini ilikuwa BMW ya silinda nne, lita 1.5, na bloku yake, mzee Fundi utafurahi, ilitokana na familia ya injini za magari ya kawaida ya BMW yanayotembea barabarani.

Taji liliamuliwa Kyalami tarehe 15 Oktoba 1983. Prost alifika akiwa anaongoza. Turbo ya Renault yake ikamkatalia njiani. Piquet, ambaye wakati huo aliendesha BT52 ya Murray, alimaliza wa tatu na kuwa bingwa kwa pointi 59 dhidi ya 57. Renault walikuwa wameifanyia kazi turbo kwa miaka sita kabla ya siku hiyo, na mimi bado ninawahurumia.

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana wazee wangu, na wewe dada mwalimu. Nimemsomea baba mdogo yote, naye aliponyamaza kwenye habari ya Honda ndani ya Lotus nilijua imemgusa. Swali moja limebaki. Mwalimu amesema kwamba kabla ya 1983 sakafu ilikuwa inanyonya, na kaka wa Goma ametaja Lotus 79. Sakafu inawezaje kunyonya, na jambo hilo lilihusiana vipi na injini?

Fundi_wa_Ruashi (Lubumbashi)

Mwanangu, kwanza nimrekebishe kidogo ndugu yetu wa Goma. Lotus 79 haikuanzisha; ilikamilisha. Iliyoanzisha ni Lotus 78 ya mwaka 1977, ambayo Andretti alishinda nayo mbio nne, zaidi ya Niki Lauda aliyeshinda tatu, lakini Lauda wa Ferrari akawa bingwa kwa sababu injini za Andretti zilimfia mara kwa mara.

Chukua bawa la ndege na uligeuze juu chini. Likiwa sawa humwinua rubani, likigeuzwa humkandamiza. Chapman na watu wake waliziumba mbavu za gari kwa umbo hilo lililogeuzwa, wakafunga pembeni kwa mapazia yanayogusa barabara ili hewa isiingie kutoka nje. Hewa inayopita chini hulazimika kupita mahali pembamba, inakwenda kasi, mgandamizo wake unashuka, na gari linavutwa chini bila kuongeza uzito wowote. Kwenye kona likawa linashika barabara kama mjusi ukutani. Lotus 79 iliposhuka uwanjani Zolder mwaka 1978 ilishinda siku hiyohiyo, na Andretti akawa bingwa mwaka huo.

Uhusiano wake na injini ndio huu. Ferrari walikuwa na injini ya silinda 12 zilizolala kifudifudi, sita kila upande, injini iliyokuwa imewapa mataji ya 1975 na 1977. Ilikuwa na nguvu, tena uzito wake uko chini, kila fundi angeitamani. Lakini vichwa vyake vya silinda vilitokeza pembeni, mahali hasa ambapo hewa ya chini ilitakiwa kupita. DFV, kwa kuwa silinda zake zinapanda juu kwa umbo la V, iliacha nafasi. Ferrari walichukua taji tena 1979, lakini kadiri wengine walivyozidi kuielewa sakafu ndivyo injini ile ilivyozidi kuwa kizuizi, na mwaka 1980 walianguka vibaya.

Msikilizaji_wa_Mbio (Goma)

Mzee, nimekubali marekebisho, na mwalimu amenishinda kwa Lotus ya 1988. Niongeze kisa kimoja kwa ajili ya kijana, kwa sababu kinafanana na basi lake.

Desemba 2008 Honda walitangaza kuacha Formula 1, huku gari la mwaka unaofuata likiwa limeshabuniwa kuizunguka injini yao. Ross Brawn na wenzake waliinunua timu kwa pauni moja, wakaenda kuomba injini kwa Mercedes. Ilibidi wabadilishe sehemu ya nyuma ya chesisi na namna ya kufunga giaboksi ili injini ngeni ikae, kazi ya wiki chache ambayo hakuna aliyekuwa ameipanga. Gari hilo, lililoitwa Brawn BGP 001, lilikuwa na difyuza (njia ya kutolea hewa iliyopita chini ya gari) ya ghorofa mbili nyuma ya sakafu, iliyopatikana kwa kuzisoma kanuni mpya kwa makini kuliko wengi. Jenson Button alishinda mbio sita kati ya saba za kwanza, na mwisho wa 2009 timu ikachukua taji la dereva na la watengenezaji pamoja. Toyota na Williams nao walikuwa na difyuza ya namna hiyo na hawakupata kombe lolote, kwa hiyo si kipande kile peke yake.

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)

Hicho cha Brawn nimekisoma mara mbili. Baba mdogo ameniuliza kitu kimoja tu: walipobadilisha injini, radieta waliiacha ileile? Nilimjibu kwamba watu waliokata chesisi yao wenyewe hawawezi kuisahau radieta. Leo asubuhi mteja amelirudisha basi. Tumeitoa radieta ya zamani na kuilaza kwenye meza, tukaweka pembeni ile iliyokuwa mwenzake wa injini kubwa, iliyoletwa kutoka sokoni: imezidi kwa upana wa viganja viwili na ina safu tatu za mirija badala ya mbili. Haiingii mahali pake bila kukata mlingoti wa mbele. Baba mdogo ameshachukua chaki na anachora.

Fundi_wa_Ruashi (Lubumbashi)

Mkikata, acheni upenyo wa vidole vinne nyuma yake kwa ajili ya feni, na mpime klachi siku hiyohiyo kabla hamjalifunga.